Kupanga Safari ya Zanzibar: Upepo na Maji Kwanza, Hoteli Baadaye

Watu wengi hupanga safari ya Zanzibar kinyumenyume. Wanaona picha ya hoteli yenye punguzo, wanalipia, kisha ndipo wanauliza habari za hali ya hewa. Matokeo yake ni familia iliyolipia vyumba vya ufukweni Jambiani: asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea, bahari iko huko mbali karibu na mwamba, na mbele yao kuna mchanga mtupu, vidimbwi na vigingi vya mwani. Hoteli haikudanganya mtu. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa.

Basi hapa tunafuata mpangilio mwingine: mwezi, wiki, pwani, ndipo malazi. Baada ya hapo karatasi, chanjo, fedha na usafiri. Mwongozo unamfaa anayetoka Bara au Kenya, na pia aliyeko Ulaya, Ghuba au Marekani anayekuja likizo na watoto waliozaliwa huko.

Hatua ya 1: Mwezi

Visiwa hivi vinaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na huo ndio msimu wa joto: Februari kipimo hufika nyuzi 32 au 33, na usiku chumba kisicho na feni hakilaliki. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi, kwa maana ya baridi ya pwani; usiku hushuka kwenye nyuzi 22 hivi, na anayepanda boti ya asubuhi na kukaa nje atataka sweta.

Kati ya pepo hizo kuna mvua. Masika huanza katikati ya Machi na kwisha Mei, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Hoteli kadhaa za ufukweni hufunga kabisa Aprili na Mei kwa ukarabati, na zilizobaki hushusha bei sana. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni mvua za aina nyingine: zinanyesha kwa saa moja au mbili, jua linarudi.

Ukichanganya hayo, chaguo linakuwa hivi. Anayetaka hali ya hewa isiyochosha, watoto wadogo au wazee wakiwemo, aje Julai hadi Septemba, akijua kwamba bahari kati ya Dar na Unguja itakuwa na mawimbi na bei zitakuwa juu. Anayetaka maji matulivu na maangavu ya kuzamia aje Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, au mwisho wa Februari hadi mwanzoni mwa Machi, vipindi ambavyo upepo mmoja unaisha na mwingine haujashika. Wanaocheza na upepo kwa ubao na tiara pale Paje wana misimu miwili: Juni hadi Septemba, na Desemba hadi Februari. Mwenye bajeti ndogo aangalie Juni mapema na Novemba. Aprili hatuishauri kwa mtu anayekuja kwa ajili ya ufukwe, hata kama chumba kinauzwa nusu bei. Utakaa ndani ukisikiliza mvua juu ya makuti.

Kabla ya kufunga mwezi, tazama Ramadhani inaangukia wapi. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza takriban tarehe 8 Februari. Mchana mikahawa mingi ya Mjini, yaani mji wa Zanzibar, hufungwa, na kula au kunywa barabarani ni utovu wa adabu ambao watu watakuambia wazi. Hoteli za ufukweni huendelea kama kawaida. Kwa upande mwingine, jioni za Ramadhani na siku za Idd, watoto wakiwa na nguo mpya kwenye viwanja vya sikukuu, ni wakati mzuri kwa aliyekuja kutembelea ndugu.

Hatua ya 2: Wiki, kwa kuangalia mwezi wa angani

Hili ndilo wasafiri hulisahau, nalo ndilo linaloharibu au kutengeneza likizo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu kuna bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, hivyo yakipwa yanakwenda mbali sana na yakijaa yanagonga ukuta wa hoteli. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambapo bahari inapanda na kushuka kwa mita moja na kidogo tu.

Kwa Unguja kuna kanuni ambayo wavuvi wanaijua kwa kichwa. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa kwenye saa nne na nusu hadi saa sita mchana, na hujaa kwenye saa kumi na nusu jioni au kupita kidogo. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa asubuhi, yanapwa alasiri. Kama una kalenda ya Kiislamu ukutani, huhitaji jedwali. Bamvua ni siku mbili tatu zinazofuata mwezi mosi na mwezi 15, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Maji mafu huangukia mwezi 8 hadi 10 na mwezi 22 hadi 24.

Sasa panga. Chukua mfano wa mwezi mpevu ukiangukia Jumatano. Alhamisi na Ijumaa asubuhi ni siku za kutembea juu ya mwamba wa pwani ya mashariki, kuwaona kinamama wakishughulika na mwani wao, na kupiga picha za mchanga unaotokeza baharini. Kuogelea ni baada ya saa tisa alasiri. Anayetaka kuogelea asubuhi baada ya staftahi huko mashariki asogeze safari hadi wiki inayofuata, Jumatano hadi Ijumaa. Safari za mashua kwenda kwenye fungu la mchanga zinategemea hayo hayo: fungu halionekani maji yakijaa, na mashua haiwezi kutoka ufukweni maji yakiwa yamepwa kabisa. Nahodha akikuambia mtaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi hakutesi. Anakimbizana na maji.

Hatua ya 3: Pwani

Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini, sakafu ya bahari inazama haraka, kwa hiyo unaogelea karibu saa zote. Kendwa inatazama magharibi, haipigwi moja kwa moja na kusi wala kaskazi, na ndiyo tunayoipendekeza kwa wenye watoto wanaojifunza kuogelea. Ubaya wake ni msongamano na muziki wa usiku. Upande wa mashariki wa Nungwi, kaskazi inapovuma, hali ni tofauti na picha za upande wa pili, hivyo uliza hoteli iko upande gani wa kijiji.

Mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, kuna mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi makubwa. Ndani ya mwamba maji ni kina kifupi, na yakipwa yanaacha eneo la zaidi ya kilomita moja likiwa wazi katika baadhi ya sehemu. Ni pazuri kwa matembezi na utulivu, na vijiji bado ni vijiji. Usiingie humo peku. Kuna wadudu wenye miba mirefu myeusi wanaojificha kwenye majani ya bahari, na mwiba ukikatikia mguuni utakuchelewesha siku mbili tatu. Nunua viatu vya plastiki vya kufunga kabla ya kutoka nyumbani. Pia vigingi na kamba za mwani ni shamba la mtu, si vya kukanyaga wala kupigia picha bila ruhusa.

Kusini, Kizimkazi, watu huenda kuona pomboo. Chagua nahodha anayekubali kuzima injini na kusubiri. Boti kumi zinazowafukuza pomboo kwa pamoja huwakimbiza, na utarudi umeona mapezi kwa mbali.

Pemba ni safari nyingine kabisa. Ina milima midogo, mashamba ya karafuu, kuzamia kwa hali ya juu na huduma chache. Usiiongeze kwenye safari ya siku tano.

Kwa usiku sita, mgawanyo unaofanya kazi ni usiku mmoja au miwili Mji Mkongwe mwanzoni, mitatu au minne pwani moja tu, na wa mwisho tena Mjini kama boti au ndege yako ni ya asubuhi. Kuhama pwani kila siku mbili kunakula nusu ya siku kila mara, maana barabara nyingi hupitia Mjini au katikati ya kisiwa.

Hatua ya 4: Malazi

Ukishajua wiki na pwani, ndipo ulinganishe bei. Uliza mambo manne kwa maandishi: kama bei ina VAT na ushuru wa miundombinu unaotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kama kuna jenereta (umeme hukatika), kama maji ya bombani ni ya chumvi, na chumba kiko umbali gani kutoka ufukweni kwa miguu. Maneno "karibu na bahari" kwenye tangazo yanaweza kumaanisha dakika kumi na tano za kutembea juani.

Usitume fedha yote ya nyumba nzima ya kupanga kwa namba ya simu ya mtu. Lipa kiasi kidogo cha kushikilia, umalizie ukifika na kuiona.

Hatua ya 5: Karatasi

Mtanzania kutoka Bara anahitaji kitambulisho, na kadi ya NIDA inatosha bandarini na uwanja wa ndege. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hawahitaji viza ya Tanzania. Wengi wa wanaotumia hati za Ulaya au Marekani wanahitaji, ukiwemo wewe uliyezaliwa Unguja au Tanga na sasa una pasipoti ya Ulaya au Marekani. Omba kwa mtandao kupitia tovuti rasmi ya Uhamiaji, inayoishia na go.tz, wiki tatu au nne kabla. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50. Wamarekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Tovuti za watu binafsi zinazofanana na ile rasmi huongeza dola kadhaa juu bila kazi yoyote ya maana. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje ya Tanzania wanatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inayodumu siku 92. Bima uliyonunua Ulaya haiondoi sharti hili. Nunua kabla ya kupanda ndege, hifadhi picha ya hati kwenye simu, na chapisha nakala moja, maana intaneti ya uwanjani si ya kutegemea.

Homa ya manjano ndiyo inayokwamisha watu. Tanzania hudai kadi ya chanjo kwa kila mwenye umri wa mwaka mmoja au zaidi anayetoka kwenye nchi yenye ugonjwa huo, na pia kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 uwanjani katika nchi hiyo akisubiri ndege. Kenya na Ethiopia zimo. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu kutoka London inayokulaza Addis Ababa saa 14 inakuletea sharti ambalo ndege inayopitia nchi isiyo na ugonjwa huo isingelileta. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kadi hudumu maisha. Kadi yako ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali.

Hatua ya 6: Afya

Muone daktari wiki sita hadi nane kabla, kwa chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A, na kwa mazungumzo ya malaria. Hapa diaspora wana tatizo lao. Aliyekulia pwani huamini malaria "ameizoea". Kinga hiyo huyeyuka baada ya miaka michache ya kuishi nje, na watoto waliozaliwa huko hawakuwahi kuwa nayo. Uingereza, wengi wa wanaougua malaria ya safarini ni waliokwenda kutembelea ndugu. Unguja ina malaria kidogo kuliko Bara, lakini ipo, na ratiba yako huenda inapitia Dar, Tanga au Morogoro.

Dawa za kinga hutofautiana kwa ratiba. Malarone huanza siku moja au mbili kabla ya kuingia, kila siku ukiwa huko, na siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo lakini huendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Ni rahisi kwa bei, ila huifanya ngozi iungue upesi na jua na haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Kosa la kawaida ni kuacha vidonge siku ya kurudi nyumbani, wakati vimelea vilivyoingia siku ya mwisho bado vinafanya kazi.

Mbu wa malaria huuma usiku. Yule wa dengi huuma mchana. Dawa ya kupaka yenye DEET ya asilimia 20 hadi 50 inafaa kwa wote wawili. Paka losheni ya jua kwanza, iache ikauke, halafu dawa ya mbu juu yake. Ukipata homa na maumivu ya viungo, tumia parasetamoli hadi upimwe. Asprini na ibuprofeni zinaweza kuleta kutokwa damu kama ni dengi.

Kuhara ni jambo la kutarajia. Mkoba uwe na pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo usikadirie kwa mkono. Kula mishikaki na urojo wa Forodhani, soko la chakula la usiku Mji Mkongwe, bila hofu mahali penye foleni na moto mkali. Wasiwasi uwe kwa chakula kilichokaa na barafu isiyojulikana ilikotoka.

Hatua ya 7: Fedha na simu

Beba njia tatu: shilingi taslimu, kadi, na pesa za simu. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bidhaa na huduma nchini ziuzwe kwa shilingi, kwa hiyo anayekutajia bei ya dola mwulize ya shilingi. Dola zilizochakaa, zilizochanika au za matoleo ya zamani hukataliwa hata kwenye maduka ya kubadilisha. Mashine za ATM ziko Mjini na uwanja wa ndege, chache Nungwi na Paje, na mwisho wa wiki huishiwa. Toa za kutosha kabla ya kwenda shamba, yaani nje ya Mjini. Mwenye laini ya Tanzania atalipa sehemu nyingi kwa lipa namba. Laini mpya husajiliwa kwa alama za vidole, NIDA kwa raia na pasipoti kwa mgeni, hivyo nunua dukani kwa kampuni, si kwa kijana anayekuuzia laini "iliyokwisha sajiliwa".

Hatua ya 8: Kufika na kuzunguka

Boti ya mwendokasi kutoka Dar huchukua karibu saa mbili. Nunua tiketi mtandaoni au ndani ya ofisi ya kampuni. Nje ya geti la bandari kuna watu wenye vitambulisho shingoni watakaokuambia boti imejaa au ofisi imehamia, wapite tu. Fika saa moja kabla, na mgeni ajue kwamba pasipoti hukaguliwa Malindi, bandari ya Unguja, hata akitokea Dar. Kusi inapovuma, meza kidonge cha kichefuchefu saa nzima kabla ya kuondoka, si boti ikishaanza kuyumba, na kaa katikati upande wa nyuma, sitaha ya chini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali, ahirisha. MV Skagit, boti ya abiria iliyotoka Dar kwenda Unguja, ilizama Julai 2012 bahari ikiwa imechafuka.

Ukishuka utakutana na mapapasi wanaotafutia hoteli na teksi wateja. Kamisheni yao inaongezwa kwenye bei yako. Panga gari mapema na hoteli, au panda daladala: 116 kwa Nungwi, 309 kwa Jambiani. Ni nafuu mno, ila hesabu saa mbili na uwe tayari kupakata gunia la mtu. Mgeni anayekodi gari au vespa anahitaji kibali cha muda cha udereva cha Zanzibar, na polisi wa barabarani watakiuliza mara kwa mara.

Mkobani

Nguo za pamba nyepesi, na kwa Mji Mkongwe na vijijini zinazofunika mabega na magoti. Kanga mbili humaliza kazi nyingi hapo. Plagi ni za pini tatu bapa kama za Uingereza. Tochi, betri ya kuchajia simu, na mfuko usiopitisha maji kwa safari za mashua. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, toa ya dukani kwenye begi kabla ya kutua. Droni isiyo na kibali itabaki kwa maofisa.

Kurudi

Aliyezamia kwa mtungi asipande ndege kabla ya saa 18 hadi 24 kupita, hata ile ndogo ya dakika ishirini kwenda Dar. Makombe na vipande vya matumbawe viache. Vitachukuliwa ukaguzini na unaweza kutozwa faini. Viungo vilivyofungwa dukani havina shida.

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu ya kurudi, hasa kwa mtoto, iwe malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo cha kwanza kikitoka safi na homa ikiendelea, rudia baada ya saa 12 hadi 24. Madaktari wa nchi za baridi hudhani mafua, kwa hiyo mtajie Zanzibar kabla hajakuuliza.